Mawingu Kama Manyoya

Redio yetu ya Garsen iko katika jengo lililokuwa ghala la mahindi, na juu ya dari yake wamejaa popo. Mavi yao hudondoka pembeni mwa studio, ndani ya ndoo tuliyoitega sisi wenyewe, na ukikaa humo saa moja tu, buibui lako litanuka mkojo wa popo mpaka ulifue mara mbili. Nimetangaza humo miaka kumi na mmoja. Popo niliwazoea. Aliyenishinda ni Menza.

Menza ndiye meneja. Alikuja mwaka juzi kutoka upande wa Malindi, kijana wa miaka thelathini na kitu, ana cheti, ana laptopu, ana marashi yanayomtangulia mlangoni. Watu wanampenda. Mimi roho ilinichafuka naye tangu siku ya kwanza, aliponipa mkono ukiwa na mafuta ya sambusa. Anakula juu ya mitambo. Akimaliza anachokonoa meno, anakitazama alichokitoa, kisha kijiti anakiacha juu ya meza yangu, kando ya maikrofoni ninayoiwekea mdomo. Nimewahi kumwambia. Akacheka, akasema, "Pole, Mama Esha," na kesho yake kijiti kingine kilikuwa pale pale.

Nasema haya mapema ili ujue kwamba nilikuwa na sababu. Zilikuwa sababu za kweli, na nimezirudia kichwani mara nyingi mno tangu mwezi wa nne mwaka jana.

Kazi yangu ilikuwa Habari za Nguzo. Mtu asiyekaa huku lazima aelezwe, kwa sababu mafuriko yetu hayaletwi na mvua yetu. Mvua inanyesha kwa watu wengine, huko milimani, mbali kabisa. Maji yanapita Garissa, yanapita Hola, yanazunguka na kuzunguka, halafu siku moja yanakukuta umeanika nguo kwenye jua kali, mbingu haina hata doa. Kwa hiyo tangu zamani hatutazami juu. Tunauliza walio juu ya mto. Kila mji umechimbia nguzo ukingoni na kuipaka alama nyekundu, na kila nguzo ina mtu wake. Wa Garissa humpigia simu wa Hola, wa Hola hunipigia mimi, mimi humpigia wa Kau, na saa nne asubuhi nasoma alama zote redioni, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiorma, lugha yetu sisi wa ng'ombe. Hola ikifika alama ya tisa, sisi wa chini tuna siku mbili. Hakuna ofisi iliyotuagiza kufanya hivyo. Ni watu tu.

Wa Hola anaitwa Mahadi, fundi wa pampu, mtu asiyejua kupiga porojo. Akipiga anasema, "Alama nne," anakata. Siku nyingine, "Alama tano," anakata. Miaka yote hiyo sijawahi kumwona uso.

Na aliyekuwa akinisikiliza kuliko wote ni kaka yangu Bonaya. Mama yetu mmoja, baba mmoja, ila mimi nilisomeshwa nikabaki mjini, yeye akabaki na ng'ombe. Huchunga kule tambarare kati ya Garsen na Kau, mahali majani ni mazuri na simu haishiki. Redio yake ni ndogo ya betri mbili. Betri hizo hazikai ndani ya redio, la. Hukaa kwenye mfuko wa nailoni, mfuko hukaa kifuani, na saa nne kasoro dakika tano anazitia, ananisikiliza robo saa, anazitoa tena. Kwa hali hiyo betri mbili zinamfikisha msimu mzima. Wafugaji wote wa kule wanafanya hivyo. Habari nyingine za dunia hawana haja nazo.

Lile eneo lina ubaya mmoja. Kati ya malisho na kile kilima cha mchanga wanachokimbilia kuna laga, mkondo mpana ulio kavu karibu mwaka mzima, na laga ndiyo inayojaa kwanza. Ukiwahi, unavuka na ng'ombe wako maji yakiwa ya kisigino. Ukichelewa nusu siku, umefungiwa.

Jumatatu moja Menza alinijia na karatasi mbili.

"Mama Esha, hizi habari za nguzo zimepitwa," alisema huku akitafuna. "Hola alama nne, Hola alama tano. Nani yuko na time ya hiyo? Wasikilizaji wanataka kitu fresh. Tuwape hali ya hewa. Sayansi, mama. Kipindi kipya: Hewa Yetu Leo."

"Na alama?"

"Tuziweke kando kidogo, wiki mbili hivi, tuone."

Nikasoma zile karatasi. Alizitoa kwenye mtandao, ukurasa wa nchi gani sijui, akaipa mashine ifasiri. Zilisema kwamba ukingo wa hewa ya joto unakaribia, kwamba mawingu membamba yatatangulia, yakifuatwa na mvua laini ya muda mrefu, kisha mbingu zitafunguka na joto litapanda. Joto litapanda! Garsen, mwezi wa nne, mahali ambapo mafuta ya nazi yanayeyuka ndani ya kabati. Pembeni mwa karatasi palikuwa na alama ya kidole, ya mafuta, na ndani ya mafuta kipande cha kitunguu. Nilikishika kwa kucha mbili nikakitupa kwenye ndoo ya popo.

Mchana huo nikazipeleka kwa Mwalimu Mramba. Alifundisha jiografia miaka mingi, sasa ana kibanda cha fotokopi karibu na stendi. Ni mtu mpole, ila ukimwuliza jambo la shule anasimama kama yuko mbele ya ubao.

"Ni kitu cha kweli hiki," alisema baada ya kusoma. "Usikitukane. Chukulia hewa baridi ni ng'ombe aliyelala mlangoni. Nzito, haitaki kuondoka. Inakuja hewa ya joto kutoka nyuma, nyepesi. Haiwezi kumwinua ng'ombe. Inafanya nini?"

"Inampanda juu."

"Inampanda juu, polepole, kama mtu anayepanda mteremko mrefu. Sasa inapopanda inapoa, na unyevu wake unageuka mawingu. Ile iliyotangulia mbele imefika juu kabisa, kwa hiyo wewe uliye bado mbali unaona kwanza mawingu membamba, juu sana, kama manyoya ya kuku. Baadaye mbingu inavaa shela nyeupe, jua linazungukwa na pete. Halafu kijivu kinashuka, kinashuka, ndipo mvua. Si mvua ya fujo. Ni ya kunyesha polepole, mchana kutwa. Tangu manyoya mpaka mvua inaweza kuwa siku nzima, hata mbili. Ukingo ukishapita, upepo unageuka, joto linaingia."

Alieleza vizuri hata nikasahau hasira. Nikauliza, "Na hapa kwetu unafika lini?"

Mwalimu Mramba akavua miwani akacheka mpaka akakohoa. "Hapa? Hewa baridi utaitoa wapi, Esha? Kwenye friji ya soda? Haya ni mambo ya nchi za mbali na ikweta, kule ambako baridi na joto vinagombania mpaka. Hapa kila upande ni joto. Nani ampande nani?"

Nilirudi ofisini mbio. Nikamweleza Menza kila kitu, mpaka ng'ombe wa mlangoni. Alinisikiliza macho yakiwa kwenye simu yake.

"Sawa, sawa," akasema. "Lakini si bado ni elimu? Watu wajue. Na mvua si ni mvua tu, mama. We soma. Sauti yako ndiyo inauza."

Kisha akapiga mbweu. Mbweu ya kitunguu, katikati ya maneno yangu. Usiku huo sikulala vizuri kwa kinyaa, na nilipokuwa nikigeuka kitandani nilipata wazo lililonifurahisha. Nitaisoma. Nitaisoma vizuri kupita kiasi, kwa madaha, mpaka kila mwenye masikio ajue kwamba huu ni upuuzi. Watacheka. Watapiga simu kulalamika. Menza ataumbuka mbele ya tambarare nzima.

Jumanne saa nne nikaketi mbele ya maikrofoni. Kile kijiti kilikuwepo. Kiswahili nikakisoma kama kilivyoandikwa. Kiorma ndicho nilichokipamba. Nikasema ukingo wa joto unakuja kwa maringo kama bibi harusi. Nikasema, enyi watu wa ng'ombe, acheni kutazama mto, tazameni mbingu. Mtaona kwanza mawingu kama manyoya ya kuku, juu kabisa. Mkiyaona manyoya, jueni bado mna siku mbili. Msipoyaona, kaeni raha mstarehe, kunyweni maziwa. Niliirefusha sauti pale kwenye maziwa kama wale wanawake wanaosifia bidhaa. Nilikuwa nikimtazama Menza kupitia kioo. Hajui Kiorma. Aliinua kidole gumba.

Nikiwa bado hewani, simu yangu ikaanza kutetemeka mezani. Jina lilikuwa Mahadi Hola.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu kila nilipowasimulia watu kisa hiki nilipapita haraka mahali hapa. Niliiona simu. Nilikuwa nimebakiza sentensi mbili, na baada ya sentensi hizo palikuwa na wimbo wa dakika nne. Ningeweza kuipokea. Nikasema moyoni: nguzo si zimefutwa? Basi Mahadi ampigie meneja. Watu wakikosa alama zao, Menza ndiye atakayeulizwa, si mimi. Ilitetemeka ikanyamaza. Ikatetemeka tena. Nilibonyeza kitufe cha pembeni, nikaizima kabisa, nikaitia mkobani.

Kutoka pale nilikwenda kibandani kwa Mwalimu Mramba. Tukaletewa chai ya tangawizi na mahamri, nikakaa saa mbili nzima nikimsema Menza. Nilimsema meno yake, marashi yake, cheti chake, kitunguu chake. Mwalimu aliniuliza mara moja, "Na Hola leo ni ngapi?" Nikamjibu kwamba hilo si kazi yangu tena. Akanitazama, akachovya hamri lake kwenye chai.

Jumatano sikwenda kazini. Nilimtuma jirani aseme kwamba ninaumwa. Sikuwa na ugonjwa wowote. Nilitaka Menza akose sauti ya kuuza. Nilifua, nikapika, nikapanga upya chumba ambacho hakikuhitaji kupangwa. Mbingu ilikuwa safi ajabu siku ile, buluu kutoka ukingo hadi ukingo, na nakumbuka nilitoka uani nikaitazama nikacheka peke yangu. Manyoya yako wapi, Menza?

Baada ya swala ya alasiri ndipo nilipowasha simu, tena kwa sababu nilitaka kuona kama Menza amenitafuta. Hakuwa amenitafuta. Palikuwa na simu mbili za Mahadi, zote za Jumanne, na ujumbe mmoja wa saa nne na robo:

"Esha hola alama 9 inaenda 10. Garissa wanasema bado yanakuja. Sema mapema."

Nilikimbia na ndala mpaka stesheni. Moja ilikatika njiani, nikaiacha kwenye vumbi. Menza alikuwa mlangoni akila. Nilipomwonyesha simu, sambusa ilibaki mkononi. Sitamdhulumu kwa hili: hakuuliza hata swali moja. Alikata wimbo katikati, akanifungulia maikrofoni, akanishikia kiti. Nikasoma alama tisa kwa Kiswahili, kwa Kiorma, tena kwa Kiswahili. Nikampigia wa Kau, akasema wana mitumbwi, watajipanga. Nikarudi hewani nikasoma tena. Nilisoma mpaka jua likazama na koo likanikauka, na wakati wote nilijua. Betri za Bonaya zilikuwa kifuani. Angezitia kesho saa nne, na hilo nilimwambia Menza.

"Lakini kaka yako si amekusikia asubuhi?" Menza alisema akijaribu kunituliza.

"Asubuhi gani? Sikuwepo."

"Hukuja, mama, ndiyo nikarudisha rekodi ya jana. Ile ya Kiorma. Ilikuwa tamu."

Sikumpiga. Nilitamani kumpiga, kisha nikaitazama mikono yangu, nikaona haya hata ya kutamani.

Alhamisi alfajiri maji yalikuwa yameshavuka barabara ya chini. Mbingu bado safi. Ijumaa hapakuwa na njia, mitumbwi yote ilikuwa ikitoa watoto na wazee. Jumamosi ndipo nilipompata Hiribae, Mpokomo anayevusha watu kwa mtumbwi wake, akakubali kunipeleka.

"Mama, shika kitambaa, funga pua," aliniambia tulipotoka kwenye majani marefu. "Hapa mbele iko mbaya."

Harufu ilitupokea kabla hatujaona kitu. Nimesema popo niliwazoea, nikadhani nimezoea uvundo wote. Nilikosea. Uvundo wa popo ni mchezo. Huu ulikuwa mzito na mtamu, unaingia mdomoni hata ukiufumba, unakaa juu ya ulimi kama mafuta. Ng'ombe walielea miguu juu, wamevimba, ngozi imekaza mpaka inang'aa. Nzi walikuwa wengi hata matumbo ya wale wanyama yalionekana kama yanatikisika. Mmoja alikuwa amekwama kwenye mti wa mathenge, shingo imepinda, na korongo amesimama juu ya mbavu zake akichagua. Nilitapika nje ya mtumbwi mara mbili. Hiribae alisukuma mzoga kwa kasia, ukatoa hewa kwa sauti, naye akatema mate majini akasema, "Astaghafiru," ingawa yeye ni mtu wa kanisa.

Nilimjua ng'ombe wa tatu. Mweupe mwenye jicho jeusi. Nilikunywa maziwa yake siku ya Idi.

Bonaya alikuwa juu ya kichuguu kikubwa kilichobaki nje ya maji, yeye na mkewe Darmi, na ng'ombe wamebanana kuwazunguka. Nilihesabu kumi na mmoja. Alikuwa na sabini na wawili. Darmi alikuwa amejifunga khanga usoni mpaka chini ya macho, na macho yenyewe hayakunisalimia.

"Ndama walikuwa zizini," alisema kwa Kiorma. "Wamefungwa kamba. Tulifunga vizuri ili wasipotee wakati tunasubiri manyoya yako."

Nilipiga magoti kwenye tope lile, na tope lilikuwa limechanganyika na kinyesi na sijui nini kingine, nikamshika Bonaya miguu kwa jinsi tunavyomsalimia mkubwa aliyefiwa. Aliniinua. Mikono yake ilinuka kama kila kitu kingine. Yangu nayo ilinuka hivyo hivyo muda huo.

"Siku ile ulisoma vizuri," aliniambia. Hakuwa na ukali wowote, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilimwambia Darmi, leo Esha ana furaha. Muda mrefu hujasoma hivyo. Tukakaa nje tunatazama juu, sote, hata wale wa boma la pili nikawaita waje watazame. Hakuna manyoya. Jumatano ukasema tena, tukatazama tena. Safi. Nikasema basi, tuna siku mbili na zaidi. Ng'ombe wanakula, majani ni mazuri, ya nini kuwachosha?"

"Bonaya, ilikuwa dhihaka," nilisema. "Nilikuwa namdhihaki Menza."

Alilifikiria hilo. Naamini kabisa alijaribu kulielewa. Yeye hamjui Menza. Hajawahi kumwona, hajui sambusa zake wala kijiti chake. Kwenye ile redio ya betri mbili hakuna Menza, kuna mimi tu.

"Huo ukingo wa joto," akauliza, "unakaa wapi?"

"Mbali. Haufiki huku."

"Haufiki kabisa?"

"Kabisa."

Akaitikia kwa kichwa. Nyuma yake ng'ombe mmoja alikohoa, Darmi akageuka kumpapasa shingo. Hiribae alikuwa amekaa kwenye mtumbwi akitazama upande mwingine kwa adabu, kitambaa puani.

"Na Mahadi?" Bonaya akasema. "Hakupiga?"

Miaka kumi na mmoja nimelisoma jina la Mahadi redioni, na kaka yangu analijua kama anavyolijua jina la jirani. Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nalo tangu Jumatano usiku: mtandao ulikuwa mbovu, meneja alifuta kipindi, simu iliishiwa na chaji. Meneja alifuta kipindi, hiyo hata si uongo. Nilifungua mdomo kulisema, na ile harufu ikaingia.

"Alipiga."

"Saa ngapi?"

"Jumanne. Saa nne na robo."

Alitazama upande wa laga, ambako sasa palikuwa na maji tu, mapana, ya kahawia, yametulia. Niliona midomo yake ikihesabu. Jumanne saa nne na robo. Mchana wa Jumanne. Jumatano nzima.

"Tungevuka na ndama," alisema.

Hakuniuliza kwa nini sikupokea. Ningemwambia. Nilitaka aniulize, ili niseme neno "kinyaa", niseme jinsi mtu anavyoweza kumchukia mtu mwingine kwa sababu ya kijiti cha meno mpaka akaacha simu iite. Aliingiza mkono kifuani, ndani ya shati lililokuwa limeganda kwa tope, akatoa ule mfuko wa nailoni. Ulikuwa umefungwa mafundo mawili. Akanishikisha mkononi, akanikunja vidole juu yake.

"Rudi nazo mjini," alisema. "Sisi tutampeleka mtu Hola awe anauliza."

Kisha akageukia ng'ombe wake.

Nilipanda mtumbwi. Hiribae alipiga kasia kimya, tukapita tena katikati ya mizoga, na safari hii sikufunga pua. Tulipofika kwenye majani marefu nikafungua ule mfuko. Betri zilikuwa mbili, kavu kabisa, hazikuguswa hata na tone la maji.